Feni ya Odero Iligoma Mlimani

Alhamisi jioni, kwa wakwe, upande wa Kisegi. Mvua mchana kutwa. Kuta za nyumba hii bado mbichi, ukiegemea unainuka na tope mgongoni. Waliisimamisha juzi na jana kwa haraka, kwa sababu mume wangu hakuwa na nyumba kwao, na kwa Wajaluo mwanaume mwenye mke hazikwi bila nyumba yake. Alipokuwa hai hakuna aliyemkatia hata ufito mmoja. Amekufa, fito zimepatikana.

Nina hasira. Naandika nikiwa na hasira, na anayetaka maneno matamu akatafute kwingine.

Odero yuko hapa kando yangu ndani ya sanduku. Wanawake wanaimba nje chini ya turubai. Mjane anatakiwa alie, na nimelia, wala sikulia kwa kuwafurahisha wao. Lakini leo njiani nimefanya jambo, na nisipoliandika litanikaba koo.

Mimi ni Mkuria. Odero alikuwa Mjaluo, fundi wa magari pale Migori, na nyumbani tulizungumza Kiswahili, lugha ambayo si ya kwake wala ya kwangu. Huku kwao wananiita nyamwa, yaani mwanamke wa makabila ya nje. Wanadhani mpaka leo sisikii Kijaluo. Nasikia. Nimekisikia miaka yote nikiwa nimeinamisha kichwa juu ya sufuria.

Tuna mabinti wawili, Gati na Akinyi. Hatuna mvulana. Kwa shemeji yangu Owuor, kaka mkubwa wa Odero, hesabu hiyo ni rahisi: gari ni yake, na mimi pia ni wake, kwa sababu kwa desturi yao mjane hurithiwa na ndugu ya mumewe. Tangu msiba uingie amekuwa akiizunguka gari yetu, akiyagonga magurudumu kwa ncha ya kiatu. Akimaliza kuitazama gari ananitazama mimi, na macho yake hayabadiliki hata kidogo.

Ile gari ndiyo chakula chetu. Nikibaki nayo nitaajiri dereva, nitabeba samaki wa watu kutoka ufukweni mpaka soko la Migori, na mabinti zangu watasoma. Nikiikosa, nitakuwa mke wa tatu wa Owuor, nikilima shamba la mtu anayenuka tumbaku mpaka kwenye nyusi.

Na mama mkwe. Huyo namweka peke yake. Siku Odero alipokata roho Migori, kwa homa iliyomchukua haraka hata hatukupata akili ya kuhangaika, mama mkwe aliingia uani kwangu mbele ya majirani, akanyoosha kidole, akasema kwa Kijaluo: "Huyu ndiye aliyemla mwanangu." Hakuna aliyemnyamazisha; jirani mmoja alinitafsiria, kana kwamba sikusikia. Nilikuwa nimebeba beseni la maji ya kumwosha maiti. Nililiweka chini polepole, nikasema moyoni, mama, neno hili utalirudisha.

Sasa nieleze habari ya feni, maana yote yametokana na feni.

Gari yetu ni stesheni wagoni ya rangi ya maziwa. Odero aliinunua kwa mzungu mmoja wa nyanda za baridi aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao baada ya Uhuru. Kwa kuwa ilitoka kwenye baridi, ilikuja na hita. Watu wa Migori walicheka mpaka wakashika mbavu. Hita, Migori? Si afadhali umnunulie samaki mwavuli?

Odero aliwaacha wacheke. Rejeta ya gari ile ilikuwa imeziba nusu, na mpya haikupatikana, si Migori, si Kisumu. Kupanda kilima na mzigo, injini ilichemka kama chungu cha nyoyo, yale mahindi na maharage ya Wajaluo. Basi akafanya wanavyofanya mafundi wa kwetu: akaifungua hita mpaka mwisho. Hita nayo ni rejeta ndogo, alinieleza. Maji ya moto ya injini yanapita ndani yake, feni inayapuliza, joto linatoka kwenye injini linakuja kwetu. Injini inapona, abiria wanaungua. Tulikuwa tukipita Rongo jua la utosi, madirisha wazi, miguu inachomeka, jasho linatiririka, yeye anaimba.

Lakini feni isipozunguka, hakuna hita. Na feni ile ilikuwa na ugonjwa wake.

Mimi ndiye niliyemshikia taa siku aliyouchunguza. Nakumbuka kila hatua, kwa kuwa Odero alikuwa na tabia ya kufikiri kwa sauti. Kwanza fyuzi: nzima. Halafu akachukua taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye waya mbili, akaigusisha pale waya wa umeme unapoingia kwenye mota. Ikawaka. "Boke, umeona? Umeme unafika. Usilaumu betri, usilaumu swichi. Mgonjwa ni mota mwenyewe." Akaingiza kidole akazungusha mapanga ya feni, yakazunguka bila kukwama. Basi akaifungua mota, na ndani tukakuta vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme vimelika mpaka vimekuwa kama kucha.

Kaboni mpya hazikuwapo. Akapasua betri kuukuu ya tochi, akatoa ule mti mweusi wa katikati, akaupiga tupa mpaka ukatoka vipande viwili, akavipachika. Feni ikanguruma. Ila kaboni ya tochi si kaboni ya mota. Inang'ang'ania upande, haigusi vizuri, na kila ukizima gari na kuwasha tena, feni inalala. Dawa yake ni teke. Kuna mahali chini ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria, ukipapiga kwa kisigino feni inashtuka na kuamka.

Na abiria nilikuwa mimi. Kwa hiyo lile teke lilikuwa kazi yangu. "Boke, mpe dawa," alikuwa akisema, nami natoa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua.

Leo asubuhi Migori nilikaa mbele, Owuor akashika usukani. Nyuma lilikuwa sanduku, na kando yake Mzee Oyugi, baba yao mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Mama mkwe na mabinti zangu walikuwa kwenye lori la waombolezaji. Owuor alipowasha gari nilipiga teke bila hata kufikiri, mguu wangu una mazoea yake. Feni ikazunguka, tukapita Rongo, tukashuka mpaka Homa Bay bila tatizo.

Homa Bay tulisimama kutia petroli. Hapo mama mkwe akashuka kwenye lori akisema mgongo unamuuma, anataka kukaa mbele kwenye gari ya mwanawe. Owuor akanigeukia. "Nyamwa, nenda nyuma ukae na maiti yako."

Maiti yako. Nilikwenda nyuma. Lori likatangulia.

Alipowasha gari, feni haikuamka. Nilisikia ule ukimya wake mara moja, nikafungua mdomo niseme. Halafu nikaufunga. Nikajiambia, wao ndio wenye gari, wao ndio wenye maiti, na wajue pia kuiendesha.

Hatukufika mbali. Mwanzo tu wa mlima, mshale wa joto ulilala upande mwekundu, na mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Tukasimama katikati ya mvua. Owuor akachota maji mtaroni kwa kopo, akasubiri, akamwaga. Tukaenda kidogo, ikachemka tena. Mara ya tatu akakumbuka kitu, akapiga paji la uso. "Odero alikuwa anafungua hita. Feni haifanyi kazi, ndiyo maana."

Nilishangaa kidogo. Kumbe kichwa chake si cha kubebea kofia tu.

Basi akaanza kutafuta ugonjwa. Ee Mungu, nilitamani Odero aone. Akachomoa fyuzi, akaitazama juani na jua lenyewe halipo, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Akaitoa tena, akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Akagusa betri akapigwa cheche, akaruka. Akasema ni swichi. Akaibonyeza swichi mpaka ikabaki mkononi mwake, akairudishia kwa aibu. Akasema labda ni dinamo haichaji. Ile taa ya kupimia ilikuwa kwenye kisanduku cha spana chini ya kiti chake mwenyewe, na hakujua hata ni ya nini. Nilikaa nyuma nimeegemeza mkono juu ya sanduku, nikajitia hamnazo.

Nilikuwa nacheka ndani. Ndiyo, mjane, nacheka, mume wangu chini ya kiwiko changu.

Kisha Mzee Oyugi akasema lile neno ambalo sote tulikuwa tunalisubiri. Kofia ilikuwa imemfunika macho. Akasema tumwache Owuor apumzike, ugonjwa hauko kwenye waya. Odero amekataa.

Huku kwao jambo hilo linajulikana. Gari inayobeba maiti ikigoma, ni maiti imegoma. Kuna mtu aliyemkosea, na hatakanyaga nyumbani mpaka aongee naye. Wote wanaamini, hata Owuor anayekwenda kanisani na Biblia yenye zipu. Wote watatu wakageuka kunitazama.

Owuor akanifungulia mlango wa nyuma. Akaniambia nishuke, nipige magoti, nimwambie mume wangu nilimfanyia nini.

Nilishuka. Tope lilifika juu ya kifundo. Nikapiga magoti nyuma ya gari, mvua inanipiga shingoni, na mama mkwe akageuka kitini ili aone vizuri. Nilikuwa nimekusudia kumwambia Odero kwaheri tu, kimoyomoyo, wao wangojee. Lakini nilipoinua macho niliona uso wa Owuor. Ulikuwa na hofu. Yule mwanaume aliyenigawa pamoja na gari alikuwa anatetemeka mbele ya mota ya feni.

Hapo ndipo shetani aliponipa akili, au Odero, sijui ni nani kati yao.

Nilisema kwa sauti, "Odero, wamenitoa kwenye kiti changu."

Mzee Oyugi akashtuka. Akauliza kiti gani. Nikamwambia kile cha mbele, nilichokalia tangu siku gari inunuliwe. Mzee akatoa amri, mama mkwe akahamia nyuma huku ananung'unika, nami nikakaa mbele, tope na yote. Owuor akawasha swichi. Nikaongea na mume wangu, macho yangu kwenye kioo. Nilisema kwamba gari hii aliitolea jasho kwa ajili ya mabinti zake, na kama analia kwa sababu ya gari, na tujue.

Mzee akamtazama Owuor. Owuor akamung'unya maneno. Mzee akamwambia aongee kama mwanaume. Basi akaweka mkono juu ya sanduku, akaapa kwamba gari ni ya watoto wa Odero na mama yao, hataigusa.

Nikaupeleka kisigino polepole, nikabonyeza tu, nusu teke. Feni ikakohoa, ikazunguka kidogo, ikafa.

Nisingeamini mtu mzima kama Owuor anaweza kupauka vile. Mzee Oyugi alivua kofia.

"Kumebaki neno," nilisema. Nikaendelea. Nikasema Odero hataki mkewe arithiwe, anataka arudi Migori na mabinti zake. Owuor safari hii hakungoja kuamriwa. Aliapa haraka haraka, mbele ya baba yake mdogo, kwamba sitarithiwa, na atakayenigusa amelaaniwa. Nikabonyeza tena. Feni ikazunguka kwa muda mrefu kidogo, hewa ya moto ikanipiga magotini, ikalala.

Nilikuwa nimeshinda. Nataka niliandike wazi. Hapo nilikuwa na gari, nilikuwa na mabinti, nilikuwa na mwili wangu mwenyewe. Teke moja zuri, tungekuwa nyumbani.

Lakini nilikumbuka lile beseni.

Nikasema, "Kumebaki mtu mmoja. Yule aliyesema nimemla."

Hakuna aliyemtaja jina. Mama mkwe alishuka mwenyewe. Ni mzee, magoti yake yanalia, alishika bawa la mlango akajishusha mpaka kwenye tope pale pale nilipokuwa mimi. Nilimtazama kwenye kioo. Nilifurahi. Naapa nilifurahi, kama mwenye njaa aliyepewa mfupa wenye nyama.

Nilidhani ataniomba msamaha mimi. Hakunitaja kabisa. Aliweka mikono miwili juu ya sanduku na kumwambia mwanawe kwa Kijaluo, akidhani mimi sisikii. Alisema: wuoda, mwanangu, najua ni mimi. Mwaka ule ulikuja kuniomba nikuonyeshe mahali pa kujenga ili umlete mke wako nyumbani, na mimi nikakwambia maadamu napumua, mwanamke wa Kikuria hatapika ndani ya boma langu. Ukaniambia, basi mama, sitarudi mpaka nibebwe. Sasa umebebwa, na hata hivyo hutaki.

Sikujua. Odero hakuwahi kuniambia. Miaka yote nilidhani ni yeye asiyetaka kunipeleka kwao, kwamba ananionea haya. Tuligombana juu ya hilo mpaka sahani zikavunjika, na hakusema kwamba alikuja, akaomba, akakataliwa, akachagua kubaki nami. Nilikaa kwenye kiti changu nikitazama kioo cha mbele.

Ningesema wakati ule. Ningegeuka niseme, mama, inuka, ni kaboni ya tochi. Nilikuwa na nafasi.

Mama mkwe akainuka. Akaifunga leso yake kichwani vizuri, akasema, safari hii kwa Kiswahili chake kibovu ili sote tusikie: "Mimi nabaki hapa. Yeye aende nyumbani bila mimi."

Akaipa gari mgongo akaanza kutembea, si kuelekea nyumbani, akarudi tulikotoka, kama mtu anayempisha mwingine njiani.

Nikatishika. Nilitaka aone kwamba imekwisha, arudi, apande. Nikaurudisha mguu nyuma nikapiga teke kwa nguvu zangu zote. Feni ikalia kama haijawahi kuugua.

Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote ya leo, na nililifanya kwa huruma. Kwa sababu alisikia. Alisimama, akageuka, akaitazama gari ikinguruma, na kwa yeye maana yake ilikuwa moja tu. Mara tu alipompa mwanawe mgongo, mwanawe alikubali kwenda nyumbani.

Nikamwita, akatingisha kichwa. Nikashika mlango nishuke, Owuor akaondoa gari papo hapo. Alisema tusiichezee bahati, isije ikalala tena, atatuma kijana wa baiskeli aje amchukue. Na mimi niliyekuwa nikiongea na wafu mchana kutwa, sikupata neno la kuwaambia walio hai. Nilikuwa na vitu vitatu mkononi, naogopa kuviangusha. Tukapanda mlima, hita inatuchoma miguu, sanduku nyuma yetu linapata joto. Kwenye kioo nilimwona anapungua mpaka akawa kitambaa tu kando ya barabara.

Tulipofika kulikuwa na vilio, ng'ombe wa kuchinja, wageni wa kupokea. Owuor hakutuma mtu. Sikuuliza. Mabinti zangu walinirukia, nikawakumbatia, nikajifanya nimesahau.

Mama mkwe amefika jua likizama, kaletwa na lori la samaki, amejaa tope mpaka kifuani. Wanawake walikimbia kumpokea, akawapita. Hakuingia humu nilimo na mwanawe. Amekaa nje ukutani mwa ghala, mvua inamwagikia mabegani, anasema mwenye nyumba hamtaki. Amewaambia pia kwamba kesho hatasogea kaburini wala kutupa udongo. Mama mzazi. Watu wanamwuliza kwa nini, naye anajibu, mwulizeni Owuor, alikuwepo.

Nilishindwa kukaa. Nilichukua bisibisi na spana ya Odero, nikaenda kwenye gari, nikajilaza kwenye sakafu ya mbele, nikaitoa mota. Watu walioniona walidhani huzuni imenipanda kichwani. Nikaifungua kama nilivyomwona akifungua. Zile kaboni za tochi zimekwisha kabisa. Lile teke la mwisho ndilo lililozimaliza, feni haitazunguka tena hata uipige kwa rungu. Kipande kimoja kimebaki, kidogo kuliko punje ya mtama, na ubavuni kina alama za tupa yake. Mikono ya Odero. Nikakaa pale sakafuni nikalia kilio changu cha kwanza cha kweli leo.

Kisha nikaenda ghalani. Nikachuchumaa mbele ya mama mkwe, nikamshika kiganja, nikakiweka kile kipande cha kaboni ndani. Nikamwambia yote kwa Kijaluo, lugha ambayo hajawahi kunisikia nikiisema. Nikamwambia feni ilikuwa mbovu tangu zamani, mwanao aliitengeneza kwa betri ya tochi, mimi ndiye niliyekuwa naipiga teke, nusu nusu, makusudi, ili Owuor aniachie gari na wewe upige magoti. Odero hakukukataa. Ni mimi. Ni kisigino changu. Nikamwonyesha hata mguu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakitazama kile kipande, akakirudisha mkononi mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. Akatabasamu, likaonekana pengo la meno ya chini, yale wazee wa kwao waling'olewa.

"Nyathina," akaniambia, "unanidanganya ili nilale."

Nyathina ni mtoto wangu. Hajawahi kuniita hivyo. Nikaapa. Nikamwambia aje kwenye gari nimwonyeshe, halafu nikakumbuka kwamba hakuna cha kuonyesha, feni imekufa. Akaniambia amesikia kwa masikio yake mwenyewe, alipogeuka tu gari ikanguruma, na mwanamke mwenye moyo wa kuja kumfariji adui yake kwenye mvua hakuweza kumla mtoto wa mtu. Akasema alinikosea. Akasema mbele ya wanawake wawili waliosimama pale, kwa sauti, kwamba analirudisha lile neno.

Ndilo nililolitaka. Ndilo nililomtaka alirudishe tangu siku ya beseni. Nimelipata, na lina ladha ya tope.

Nimerudi humu. Nimemwachia blanketi yangu, hakuikataa. Owuor amepita mlangoni jioni hii mara mbili, na mara zote mbili ameinamisha macho, hathubutu hata kuitazama gari. Gati na Akinyi wamelala kwenye mkeka, Akinyi ameshika sketi yangu hata usingizini.

Nimefikiri. Mama mkwe hataniamini mimi hata nikiapa kwa Biblia, kwa sababu ameshaamua kwamba mimi ni mtu mwema. Mzee Oyugi alivua kofia kwa ile feni, hawezi kuivaa tena bila aibu, naye hataamini. Kuna mtu mmoja tu hapa nyumbani atakayeniamini kabla sijamaliza kusema, atakayeichukua mota akaigeuza huku na huku na kuelewa yote, kwa kuwa ana gari ya kupata. Na mama yake atamwamini yeye. Ni mwanawe.

Basi ni hivyo. Nikinyamaza, nina gari, nina watoto, nina jina zuri, na mama wa Odero atakufa akijua mwanawe alimkataa mpaka kwenye mlango wa kaburi. Nikisema, yote niliyoyapata mlimani yanarudi kwa mwenye kiatu cha kugonga magurudumu, na mimi pamoja nayo. Nimejaribu kujiambia kwamba yeye alianza. Ni kweli alianza. Haijanisaidia.

Odero, wewe uliyefikiri kwa sauti, leo umenyamaza. Ulivumilia kuitwa mume mbaya na mke wako mwenyewe ili mama yako asionekane mbaya machoni pangu. Ningejua, nisingevunja zile sahani.

Nasikia anakohoa kule ghalani. Mota ya feni iko hapa chini ya kitanda, imefungwa kwenye leso, na kile kipande cha kaboni kimo ndani yake.

Kesho, kabla ya udongo wa kwanza, nitamwita Owuor.